Barabara ikipita na mama akakosa nyumba, hayo ni maendeleo kwa nani?

Mtoto_wa_Reli ameuliza:

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Hili swali nimetembea nalo karibu mwezi mzima, nimeona nilete hapa ju nyumbani kila tukiligusa tunaishia kukosana.

Mamangu alinunua kaploti huku Eastlands, Nairobi, mwaka wa 1998 kutoka kwa kampuni moja ya kununua mashamba. Akapewa cheti cha hisa, risiti, na karatasi ingine imepigwa muhuri kwa chifu. Hati ya kumiliki ardhi hakuwahi kuiona. Kila mwaka waliambiwa hati ziko njiani, lipeni pesa ya savea, wakalipa, lipeni pesa ya bikoni, yale mawe ya mpaka, wakalipa. Akajenga vyumba sita vya mabati, kimoja tukaishi sisi, vingine akakodisha, na hiyo kodi ndio ilinisomesha mimi na wadogo wangu wawili mpaka fomu fo. Miaka imepita, barabara ikachorwa, ikachorwa juu yetu. Notisi tulipewa ya mdomo, siku tatu. Tingatinga ikakuja saa kumi na moja asubuhi, mama akatoa godoro na ile mashini yake ya kushona, mengine yakabaki ndani. Wale walikuwa na hati ng'ambo ile ya mtaro walilipwa. Sisi tukaambiwa hamna kitu chenu hapa, nyinyi ni wavamizi.

Sasa kazini niko na rafiki, mtu mzuri, amesoma, ananiambia niangalie mbali. Barabara imeleta biashara, imeleta stima, ploti zimepanda bei, vijana wamepata vibarua, na kila nchi iliyoendelea iliumiza watu mwanzoni. Anasema uhuru wa mtu mwenye njaa ni maneno tu, tushibe kwanza, haki zingine zitakuja zenyewe. Alafu huyo huyo anasema mali ya mtu ni takatifu, serikali isiiguse. Nikamuuliza, na ya mama haikuwa mali? Akanijibu mali ni ile iko na hati.

Hapo ndio nimekwama. Kwani kitu kinakuwa mali ju serikali imekiandika, ama serikali inakiandika ju tayari ni mali ya mtu? Na hii barabara napita juu yake kila siku nikienda kazi, sikatai ni nzuri. Nijibuni polepole, sitaki kurushiwa matusi ya wanasiasa.

---

Karani_Milimani amejibu:

Pole sana na pole kwa mama. Mimi si wakili, ni karani tu kwa ofisi ya wakili, lakini mambo ya ardhi ndio napanga kwa faili kutwa.

Rafiki yako ameshika nusu ya sheria. Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinalinda mali, na serikali ikitaka kuchukua ardhi yako kwa faida ya umma lazima ilipe fidia ya haki, yote, bila kuchelewesha, na wewe uwe na njia ya kwenda kortini. Lakini asome mpaka chini. 40(4) inasema kunaweza kuwa na fidia hata kwa mtu anayekaa kwa nia njema kwenye ardhi inayochukuliwa hata kama hana hati. Alafu 40(6) inageuza upande ule mwingine, mali iliyopatikana kinyume cha sheria hailindwi. Yaani Katiba yenyewe inakubali kuna mtu ako na haki bila hati, na kuna mwingine ako na hati bila haki.

Na korti zimelifuata hilo. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management na kaunti ya Mombasa, ya ploti iko karibu na ufuo. Kaunti ilikuwa imeangusha ukuta 2017 ati watu wapate njia ya kwenda baharini. Mwenye ploti akasema mimi nilinunua vizuri, niko na hati. Korti ikasema ile alotimenti ya kwanza kabisa, yaani vile ardhi iligawiwa mwanzo, haikufuata sheria, kwa hivo hati zote zilizozaliwa nayo hazina nguvu, hata kama wewe ulinunua ukiwa hujui. Sheria ya usajili wa ardhi ya 2012, kifungu cha 26, pia iko hivo, hati ni ushahidi wa kwanza tu, inaweza kupingwa.

Ile ingine ambayo rafiki yako aisome ni Mitu-Bell. Kulikuwa na kijiji kinaitwa Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kikabomolewa Novemba 2011. Kesi ilizunguka karibu miaka kumi, Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema watu wasio na ardhi wakikaa kwa ardhi ya umma muda mrefu, wakajenga na kulea familia, hawapati umiliki wa ardhi, lakini wanapata haki ya makazi ambayo korti inaweza kuilinda. Na tangu sheria za ardhi zibadilishwe 2016, hata mtu anayeitwa mvamizi anafaa kupewa notisi ya maandishi si chini ya miezi mitatu. Siku tatu za mdomo hiyo si notisi.

Sasa nikuulize kitu, na hili ni muhimu. Hiyo ardhi ya mama ilikuwa ya serikali ama ilikuwa bado iko kwa jina la ile kampuni? Ju kama ilikuwa ya kampuni, kuna mtu alilipwa fidia yake.

---

BabaHadware amejibu:

Mimi nauza mabati na simiti, kwa hivo mambo ya hati nayaona kwa kaunta kila siku. Mtu mwenye hati anakuja kununua mawe, nondo, simiti mifuko mia. Mtu asiye na hati ananunua mabati geji thelathini na misumari kilo mbili, ju anajua inaweza kuanguka kesho. Wote wanapenda watoto wao sawa. Tofauti ni hofu. Ndio nasema usidharau hati hata kidogo, ile karatasi ndio inafanya mtu ajenge kitu kitakachoishi kumliko yeye mwenyewe.

Kuna yule mchumi wa Peru, Hernando de Soto, alisema maskini wako na mali nyingi sana lakini imekufa kwa sababu haijaandikwa, hawawezi kuiweka dhamana wachukue mkopo. Wengine walienda kupima hiyo maneno Argentina, mtaa mmoja pembeni ya Buenos Aires ambao watu walivamia 1981, baadaye baadhi wakapewa hati na majirani wao wakakosa, si kwa makosa yao, ni vile wenye ardhi wengine walikubali fidia ya serikali na wengine wakang'ang'ana kortini. Waliopata hati walijenga nyumba bora, wakazaa watoto wachache na wakawasomesha zaidi. Mkopo wa benki ndio haukuongezeka sana, hapo de Soto alitarajia zaidi ya kilichotokea, lakini nyumba na shule jameni si kitu kidogo.

Na mimi uhuru nauona hivi. Mahali hakuna hati, mkubwa ni chifu, ni kijana wa maji, ni yule anaunganisha stima ya wizi, ni mheshimiwa akitaka kura. Unasalimia watu hutaki kusalimia. Ukiwa na hati yako unaweza kumwambia mheshimiwa sikupigii kura na ulale usingizi. Zimbabwe wakati mashamba yalichukuliwa kuanzia 2000 bila kufuata sheria, si matajiri peke yao waliumia, uchumi wote ulikwenda chini mpaka 2008 pesa yao ikawa karatasi. Wafanyakazi wa yale mashamba pia walifukuzwa. Kwa hivo mali ikikosa ulinzi, maskini ndio wa kwanza kulia.

---

Mkibra_Halisi amejibu:

BabaHadware naheshimu uliyosema na ile ya hofu ni kweli tupu, lakini unaanza hadithi katikati. Hata hiyo Zimbabwe, uliza yale mashamba yalipatikana aje. 1930 kulitoka sheria ya kugawa ardhi, nusu ya nchi ikapewa wazungu wachache, na wakapewa hati safi kabisa. Simtetei aliyevuruga 2000, aliumiza watu wengi, lakini hati ilikuwa imeandikwa juu ya kilio cha mtu na hicho kilio hakikuzeeka.

Hapa kwetu vile vile. Sheria ya ardhi ya Taji, yaani mfalme wa Uingereza, ya 1915 iliwapa masetla lisi za miaka 999. Mwaka wa 1921 korti ikasema Mwafrika kwa ardhi yake mwenyewe ni mpangaji tu wa Taji, anakaa kwa hiari ya Taji. Soma hiyo polepole. Watu walikuwa na mipaka yao, na wazee wanaojua mto wa nani unaishia wapi, siku moja jaji akaamka wakawa wapangaji. Kwa hivo swali la Mtoto wa Reli, kama mali inatoka kwa maandishi, lilijibiwa hapa na wakoloni, na jibu lao ndio lilifanya watu waingie msituni na Mau Mau.

Alafu ikakuja ile mipango ya Swynnerton ya 1954, ya serikali ya kikoloni ya kubadilisha kilimo. Hiyo watu wa maendeleo wanaisifu hadi leo, ati ilileta hati za mtu binafsi, kahawa, ng'ombe wa gredi. Kweli kahawa ilikuja. Lakini ilikuwa katikati ya hali ya hatari, watu wako kizuizini, wengine wamefungiwa vijijini, na shamba linapimwa na kuandikwa. Aliyekuwa upande wa serikali ako hapo na savea, aliyekuwa kambini atarudi akute jiwe la mpaka limehama. Ahoi, wale waliokuwa wanalima kwa ruhusa ya mwenye shamba, wakafutwa kabisa ju kwa fomu hakukuwa na mahali pa kuwaandika. Uchumi ulikua na haki ikafinywa kwa siku ile ile, kwa kalamu ile ile.

Mimi ni Mnubi. Babu zetu walikuwa askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni, wakapewa Kibra ikiwa msitu, zaidi ya ekari 4,000. Tulikaa zaidi ya miaka mia tukiitwa wavamizi. 2017 ndio tukapewa hati ya jamii, ekari 288. Nilishukuru, nyanya yangu hakuwahi kufika siku hiyo. Na hiyo hati haina jina la mtu mmoja, ni ya jamii, hakuna wa kuiuza akiwa amelewa ama amebanwa na deni. Kwa hivo pia msifikirie mali ni ya mtu binafsi ama ya serikali peke yake.

---

Mtoto_wa_Reli:

Mkibra asante, hiyo ya 1921 sikuijua na nimeisoma mara tatu. Na rafiki yangu ananiletea Singapore kila saa, ati wao walifanya maendeleo kwanza. Kuna mtu anaweza kunieleza?

---

Karani_Milimani:

Singapore ni mfano mgumu kwa rafiki yako kuliko anavyodhani. Yeye anasema mali ni takatifu serikali isiguse, na Singapore ndio serikali iligusa kuliko wengi. Walipitisha sheria ya kuchukua ardhi 1966, wakachukua kwa fidia ya chini ya bei ya soko, leo kama asilimia 90 ya ardhi ni ya serikali. Lakini walichofanya nayo ni kujengea watu nyumba. Karibu asilimia 80 ya wakazi wako kwa nyumba za serikali, wengi wao wamezinunua kwa lisi ya miaka 99. Aliyetolewa kijijini alipewa mahali pa kwenda. Sasa upande wa uhuru wa kusema na wa kupinga serikali, huko walibana sana magazeti na wapinzani, na mimi hiyo bei singependa kuilipa. Lakini hata ukikubali kila kitu, mama yako hakufanyiwa Singapore. Alichukuliwa ardhi kama Singapore na hakupewa nyumba kama Singapore.

---

Sista_Paipu amejibu:

Nimesoma yote na nimengoja mtu aseme hili hakuna amesema. Mnaongea kama Nairobi imejaa wenye ploti. Wengi wetu ni wapangaji! Hata kwa vijiji vya mabati, mwenye vyumba saa zingine anaishi mtaa mwingine kabisa na tunaolala ndani ni wengine. Mtoto wa Reli, na usinielewe vibaya, wale wapangaji watano wa mama yako siku ya tingatinga walienda wapi? Walipoteza nini? Mmoja wao alikuwa na kibanda mbele cha kuuza mandazi bila shaka, wateja wake ndio walikuwa mali yake, hiyo hakuna savea anapima.

Mimi nimehamishwa mara tatu na hakuna hata mara moja jina langu liliandikwa. Watu wakija kuhesabu wanauliza mwenye nyumba ni nani. Hati zikitolewa kodi inapanda na tunahama tena, sasa kwa sababu ya haki badala ya kubomolewa. Kuna sheria ya zamani ya kulinda mpangaji lakini inaangalia nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500, sasa niambieni mtaa wangu wa Pipeline nipate hiyo wapi, hata choo unashiriki ni zaidi. Tena landilodi akikufungia mlango na kufuli yake sababu umechelewa siku nne, hapo uhuru uko wapi? Kwa hivo mimi hii maneno ya uhuru naipima na mlango. Nani anaweza kuufunga nikiwa nje na nani lazima nimuombe nifunguliwe.

---

Mtoto_wa_Reli:

Sista umenipiga mahali panauma na uko sawa. Mmoja alikuwa fundi viatu, alienda kwao Makueni na hatujamsikia tena. Sikuwahi kumhesabu kwa hii hadithi. Mama ndio anamtaja mara kwa mara, mimi sikuwa namsikia.

---

Shangazi_Kayole amejibu:

Wanangu naongeza dogo tu. Mama yako alikuwa na bahati moja, ile risiti ilikuwa kwa jina lake. Wengi wetu tulilipa pesa ya chama, tukabeba mawe kwa mgongo, na karatasi ikaandikwa jina la mzee. Mzee akienda, ndugu zake wanakuja na hiyo karatasi. Sasa sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inasema hata kupika, kulea watoto na kulima ni mchango, na shamba la ndoa haliuzwi bila mwenzako kukubali. Lakini 2023 Mahakama ya Juu ikasema kugawana si nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mtu aonyeshe mchango wake. Nitaonyesha aje mchango wa miaka thelathini ya kuamka saa kumi? Nilikuwa nahifadhi risiti ya mkate?

Andikeni majina ya mabinti zenu. Na kwa wanandoa andikeni yote mawili, la mume na la mke.

---

BabaHadware:

Nimerudi. Mkibra na Sista wamenifanya nifikirie usiku mzima. Bado naamini hati ni kinga, sitoki hapo. Lakini nakubali nilikuwa nahesabu yule anakuja kwa kaunta yangu tu, yule hafiki kwa kaunta sikumwona. Na hii ya rafiki yake ya tushibe kwanza, mimi nimeishi enzi ambazo bustani na misitu ya mji huu ilikuwa inagawiwa marafiki, 1989 walitaka kujenga jumba refu Uhuru Park, na kama si kina Wangari Maathai kupiga kelele na kupigwa, hakungekuwa na bustani. Msitu wa Karura hivo hivo miaka kumi baadaye. Sasa kama hao wangengoja washibe ndio waongee, ardhi ya umma ingekuwa imeisha. Kuongea ndio kulilinda mali. Hiyo mwambie rafiki yako.

Na wewe Mtoto wa Reli hujamjibu Karani, ardhi ilikuwa kwa jina la nani?

---

Mtoto_wa_Reli (siku tisa baadaye):

Nimejibu sasa ju nilikuwa sijui, ilibidi nitafute. Karani alinitumia ujumbe akaniambia ardhi ikichukuliwa kwa barabara, tume ya ardhi hutangaza kwa Gazeti Rasmi la serikali, namba ya shamba, jina la mwenyewe na ukubwa uliochukuliwa. Nikaenda na ile namba ya shamba mama iko kwa cheti cha hisa. Nimeipata. Iko hapo, imechapishwa, na kwa nafasi ya mwenyewe kumeandikwa jina la ile kampuni. Ekari zetu zote ziko ndani.

Nimekaa nayo hiyo karatasi kwa matatu mpaka nikapita steji. Kumbe ardhi yetu haikuwa ya serikali na hatukuwa wavamizi wa mtu. Mali ilikuwa mali siku zote, fidia ilikuwepo, jina tu ndio halikuwa letu. Nimemuonyesha rafiki yangu kazini, amenyamaza muda, akaniuliza kama anaweza kunisaidia kuandika barua.

Karani, sasa hapa tunaenda wapi? Kuna wanahisa wengine kama arobaini mama anajua nyumba zao, na wapangaji tutawatafuta pia, Sista hilo nimekusikia.

---

Karani_Milimani:

Kwanza ombeni kwa maandishi tume iwaambie fidia ya namba hiyo ililipwa ama bado, na ililipwa nani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari, itajeni kwa barua. Wakati huo huo mkusanye vyeti vya hisa, risiti za savea na bikoni, rejista ya kampuni kama kuna aliyebaki na kopi, bili za stima, barua za shule zilizo na anwani ya hapo, picha za zamani. Mpangaji alete risiti ya kodi, hata ile ya kuandikwa kwa kalamu. Mkiwa na hiyo, kuna tribunali ya kuchukuliwa kwa ardhi iliyoanzishwa na sheria ya 2019, na kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi, wakili ndio atasema mlango gani ni wenu, na msikawie ju muda huhesabiwa. Nendeni kama kikundi, gharama inagawanyika na hakuna mmoja atakayeitwa kando akapewa kitu kidogo anyamaze.

---

Mtoto_wa_Reli:

Sawa. Tumekubaliana Jumapili saa nane, kwa uwanja wa kanisa hapo nyuma. Mama amesema risiti zake ziko kwa droo ya ile mashini ya kushona.

---

Sista_Paipu:

Nitakuja, hata kama si ploti yangu. Niko na daftari kubwa, nitaandika majina ya wapangaji.